Tunasubiri Sindano ya Paka, Ya Mbwa Tumeipa Kisogo

Kila baada ya miezi michache ule ujumbe hurudi kwenye simu zetu, safari hii na picha ya paka aliyejinyoosha juu ya ukuta wa matumbawe: wataalamu wamegundua sindano moja tu, paka akidungwa hazai tena. Na kila ukirudi, baraza hugawanyika vilevile. Wapo wanaoshukuru kwamba soko la samaki litapumua. Wapo wanaoona njama ya kuwamaliza paka wa Amu, yaani kisiwa chetu cha Lamu. Na wapo wanaocheka: zahanati haina dawa ya homa, paka ndio wadungwe sindano? Nimezisikiliza hoja zote tatu, na wanaozitoa si watu wa mchezo, lakini naona zinateleza mahali pamoja. Zote zinadhani kwamba jambo kubwa katika tiba ya paka na mbwa kwa watu wa Lamu ni ugunduzi unaokuja kutoka maabara ya mbali, na kwamba unamhusu paka. Utafiti wenye uzito zaidi kwetu ulikwisha fanywa. Ulifanywa Pemba na pembezoni mwa Serengeti, tena kwa sehemu kubwa na watu wanaozungumza lugha hii ninayoiandika, na mnyama wake ni mbwa, ugonjwa wake kichaa cha mbwa. Majibu yapo na chanjo ipo. Tulichokosa ni utashi wa kumtazama mnyama tusiyempenda.

Nianze na hiyo sindano yenyewe, maana ni kazi ya kweli, si porojo za mtandaoni. Matokeo yalichapishwa Juni 2023 katika jarida la Nature Communications na watafiti wa Hospitali Kuu ya Massachusetts na wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani. Walichukua paka jike 9. Sita kati yao walidungwa kirusi kisichodhuru kilichobebeshwa jeni ya homoni iitwayo AMH. Misuli ikageuka kiwanda kidogo cha homoni hiyo, na mayai ndani ya ovari yakashindwa kupevuka. Watatu hawakupewa. Kisha dume akawekwa pamoja nao kwa vipindi viwili vya miezi minne. Wale watatu wote walizaa, na katika wale sita hakuna aliyeshika mimba. Ni matokeo ya kupendeza, na ni paka 9. Teknolojia ya aina hiyo, kirusi kubeba jeni, ni miongoni mwa matibabu ghali kuliko yote duniani hata yanapofanyiwa binadamu. Anayepanga hesabu ya paka wa Langoni kwa sindano hiyo anagawa samaki ambao bado wako baharini.

Na si mara ya kwanza kwa wanyama wetu kuwa na thamani kwenye karatasi za sayansi kuliko kwenye meza ya daktari. Mwaka 1958 wanasayansi watatu, Buckley, Nelson na Heisch, walieleza aina mpya ya mnyoo mwembamba kama uzi waliyoikuta kwenye mishipa ya limfu ya paka, mbwa na kanu wa kisiwa cha Pate. Huo ulikuwa wakati wa kuchunguza matende katika Afrika Mashariki, ugonjwa ambao wazee wa visiwa hivi hawakuhitaji kuhadithiwa. Mnyoo ukapewa jina la kisiwa: leo mwanafunzi wa udaktari wa wanyama popote duniani anaweza kuukuta kitabuni kwa jina la Brugia patei, ndugu wa mnyoo mwingine unaowapa watu matende huko Asia. Miaka 50 baadaye, mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa uchunguzi mkubwa wa vinasaba vya paka, na paka wa pwani yetu, pamoja na wale wa msitu wa Sokoke ambao Wagiriama huwaita kadzonzo, wakaangukia katika kundi la paka wa Asia. Kwa hiyo ile hadithi ya paka wa Firauni wanayosimuliwa watalii pale Forodhani inahitaji kupunguzwa chumvi. Ukiniuliza mimi, paka aliyekuja kwa pepo za kaskazi pamoja na mchele na vitambaa ananifaa zaidi kuliko aliyeshuka kwenye piramidi. Lakini wageni wanaipenda Misri, na kijana anayetembeza wageni ana watoto wa kulisha.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba damu na mate ya wanyama wa visiwa hivi yamekwisha safiri mbali kuliko wengi wetu. Tumetoa sampuli, na majina yetu yamo vitabuni. Utafiti haujawahi kutupita. Kinachotupita ni ile hatua ya pili, ya kuuchukua utafiti uliokwisha jibu swali na kuupeleka kijiji cha Hindi, upande wa bara wa kaunti yetu, kwa pikipiki.

Sasa ubishi wa kuwafunga paka kizazi. Nenda sokoni alfajiri, mashua zinapoleta changu na tafi, utazame masikio. Utamwona paka ambaye ncha ya sikio moja imekatwa sawasawa, kana kwamba kwa mkasi wa fundi cherehani. Huyo amepasuliwa, ametolewa ovari, amerudishwa mtaani, na sikio ni alama ili asipasuliwe mara ya pili. Wanaoipinga kazi hii husema tunawaua paka wa Amu polepole. Hoja yao nisingeitupa yote. Ukiwachukua kwanza paka wapole, wanaokubali kubebwa kwenye kikapu, unawaachia wakorofi ndio wazae, na hakuna anayejua sura ya paka wa Shela itakuwaje baada ya miaka 20 ya uteuzi wa namna hiyo. Lakini hofu ya kutoweka haishindi hesabu. Jike huanza kuzaa akiwa na miezi sita hivi, hubeba mimba kwa siku 63 au zaidi kidogo, na anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Ili idadi ishuke inabidi majike wengi sana wafungwe kizazi, mwaka baada ya mwaka. Kwa visu na vitanda vilivyopo, anayeogopa paka wataisha na anayetumaini watapungua kesho, wote wanawatukuza madaktari kupita uwezo wao. Afya ya paka inaboreka, hilo naliona kwa macho: vidonda vimepungua, manyoya yamerudi kwa waliohudumiwa. Hiyo ni faida, na inatosha kuiendeleza. Tatizo langu ni kwamba tumeifanya ndiyo mada yote.

Maana ugonjwa unaoua watu hauko sokoni. Katika kisiwa cha Amu mbwa ni nadra, na akionekana hufuatwa na mawe ya watoto mpaka ufukweni. Lakini kaunti ya Lamu haiishii kwenye gati. Vuka kwenda Mokowe, nenda Hindi, Hongwe, Mpeketoni, Witu: huko mkulima asiye na mbwa hulima mahindi ya nyani na ngiri. Manda nako, kwenye machimbo ya mawe, wakata mawe wana mbwa wao. Wengi wa mbwa hawa huonekana wanazurura, na sisi huwaita koko, lakini tafiti nyingi za Tanzania na Kenya zimeonyesha kwamba mbwa wengi wanaozurura vijijini wana mwenyewe, wana jina, na kuna mtoto ambaye akiwaita wanakuja. Kumbuka jambo hilo, maana lina kazi baadaye.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao dalili zake zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa. Duniani unakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka. Karibu wote, asilimia 99, waliupata kwa mbwa, na kwa kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Kenya ilianza kuuandika mwaka 1912, katika mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Makadirio ya vifo vyetu yanapishana sana, kutoka mia kadhaa hadi 2,000 kwa mwaka, na huko kupishana kwenyewe kunasema kitu: wengi hufia nyumbani, wakidhaniwa wana mashetani au malaria ya kichwa. Mwaka 2014 serikali iliandika mkakati wa kuutokomeza ifikapo 2030, na kiini chake ni sentensi moja isiyo na fumbo: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, kwa miaka mitatu mfululizo.

Mpwa wangu aling'atwa Hindi akiwa na miaka minane. Jirani mwenye huruma aliwahi kumpaka mafuta ya taa na kitunguu saumu kabla hajatokea mtu wa kuliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15, ambayo ndiyo huduma ya kwanza. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa na chanjo lakini mwenye ufunguo wa jokofu alikuwa safarini. Alipata dozi ya kwanza siku ya pili, ng'ambo ya maji. Kadi yake ninayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tarehe zake ni tano: siku ya kwanza, kisha ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kila tarehe ni bodaboda, boti, na mama mmoja aliyefunga genge lake siku nzima. Mzima, alhamdulillahi. Mbwa yule hakuonekana tena, na kwa hivyo hakuna ajuaye kama alikuwa mgonjwa.

Tuvuke sasa hadi Pemba. Kisiwa kile ni ndugu yetu kuliko sehemu yoyote utakayoitaja: karafuu badala ya korosho, lakini dini ile ile, madhehebu yale yale, mashua zile zile. Watafiti wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara walifuatilia kila kisa cha kichaa cha mbwa kisiwani humo tangu 2010 hadi 2020. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kang'atwa, mbwa alitoka wapi, alikwenda wapi; kisha wakasoma vinasaba vya virusi ili kujua kisa kipi kimezaa kipi. Wakakuta kwamba mwaka 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi ikizunguka kisiwani. Mbwa wakachanjwa kisiwa kizima kila mwaka, na kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Halafu ikatokea ambayo hutokea kwetu sote: ugonjwa haupo, basi chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena, mara mbili tofauti, kutoka nje ya kisiwa. Mlipuko ukaanza upya, chanjo ikarudishwa, na Oktoba 2018 ukazimwa tena. Wazee walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Virusi vilivyomo ndani yake navyo vinauona.

Sijui ushahidi gani zaidi mtu angehitaji. Kisiwa kimeuondoa ugonjwa, kikaurudisha kwa uzembe, kikauondoa tena, na kila hatua imeandikwa. Nakubali kwamba Lamu ina ugumu ambao Pemba haina. Nusu ya tatizo letu liko bara, ambako hakuna maji ya kuuzuia ugonjwa, na barabara ya lami ya kutoka Garsen pamoja na bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, zimeleta watu, na watu huja na mbwa wao. Visiwa vyetu vilikuwa vinajilinda kwa upweke. Upweke huo umekwisha, na hiyo kwangu ni sababu ya kuharakisha.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni ya pesa, na nitaieleza kwa nguvu zake zote kwa sababu wanaoitoa mara nyingi huitoa kwa unyonge. Utafiti huo huo wa Pemba ulipiga hesabu ya gharama. Kumpa chanjo mtu aliyeng'atwa kunaokoa maisha kwa dola 256 kwa kila kifo kinachozuiwa. Ukiunganisha chanjo ya watu na chanjo ya mbwa kila mwaka, gharama inapanda hadi dola 1,657. Kwa hiyo mwakilishi wadi anaweza kusimama kwenye bunge la kaunti akasema, kwa ushahidi wa wanasayansi wenyewe: nunueni chanjo ya watu, mbwa waacheni. Ni hoja safi kabisa kwenye karatasi. Inavunjika ukiuliza mambo mawili. La kwanza, chanjo ya mtu haikati mnyororo. Utainunua mwaka huu, mwakani na mwaka 2050, na mbwa wataendelea kung'ata. La pili, hesabu ile inachukulia kwamba chanjo inamfikia aliyeng'atwa kwa wakati. Kwa mtoto wa Basuba au Kiunga, ambaye kituo chenye jokofu linalofanya kazi kiko mwendo wa siku nzima, dola 256 ni bei ya mtu mwingine anayeishi karibu na lami. Watafiti wa Pemba wenyewe walimaliza kwa kusema kwamba zote mbili pamoja bado ni matumizi bora ya pesa, na kwamba kukaa bila ugonjwa kunaziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka na kile kilichomkuta mpwa wangu. Mimi nasema chanjo ya watu iwepo leo, bure, bila ubishi, na ya mbwa ndiyo ituondoe kwenye kuihitaji.

Ipo hoja nyingine ambayo nimeisikia kwa watu wa uhifadhi, nayo ina mantiki: Lamu ina misitu ya Boni na Dodori, ina fisi, bweha, nguchiro, hata mbwa mwitu ambao ni nadra sana, utachanja mbwa wa kufugwa mpaka lini wakati ugonjwa umejificha porini? Kama pangekuwa na mahali pa kuithibitisha hofu hiyo pangekuwa Serengeti, penye wanyama walao nyama wengi kuliko karibu popote. Uchunguzi wa miaka mingi wa huko ulionyesha kinyume. Wanyama wa porini huambukizwa, lakini ugonjwa hauwezi kujiendesha bila mbwa wa vijijini. Mbwa wakichanjwa, porini nako hupoa. Na ugonjwa husafiri kutoka kwetu kwenda kwao pia. Mwaka 1994 homa ya mbwa iitwayo distempa iliua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, thuluthi moja hivi. Anayewapenda mbwa mwitu wa Boni aanze na mbwa wa Mpeketoni.

Halafu kuna hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo rahisi kuliko zote kutekelezwa: waueni. Nyama yenye sumu, bunduki, basi. Inasikika kama suluhisho la watu wasio na muda wa kupoteza. Lakini imejaribiwa, tena visiwani. Flores, Indonesia, kilikuwa kisiwa kisicho na kichaa cha mbwa hadi 1997, mbwa wagonjwa walipoletwa kwa mashua za wavuvi. Mamia ya maelfu ya mbwa waliuawa, ugonjwa ukabaki. Bali uliingia 2008, wakaua mbwa kwa wingi, na ugonjwa ukaenea kisiwa kizima. Ulianza kurudi nyuma baada ya chanjo ya kisiwa chote kuanza 2010. Sababu si siri. Mtu akisikia wauaji wanakuja humficha mbwa wake, au humpakia kwenye pikipiki ampeleke kwa shemeji kijiji cha tatu, na hapo umemsafirishia ugonjwa. Mbwa aliyechanjwa jana anauawa leo, kinga uliyoilipia inaoza jalalani. Nafasi aliyoiacha inajazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga. Na sumu haichagui: paka na kunguru huila kabla ya mbwa. Zaidi ya yote, kuua kunapuuza udhaifu wa ugonjwa huu. Surua, mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kichaa cha mbwa, kwa hesabu zilizotolewa 2009 kutoka Serengeti na milipuko ya nchi nyingine, mbwa mmoja mgonjwa kwa wastani humwambukiza mmoja na kitu, hafikishi wawili, mbwa wawe wengi au wachache. Ni moto wa kuni mbichi. Ndiyo maana asilimia 70 inatosha kuuzima, na ndiyo maana kupunguza idadi ya mbwa hakuugusi.

Niseme na lile ambalo kwenye warsha za hotelini halitajwi, ama kwa adabu ama kwa woga. Sisi ni Mashafii, na mbwa kwetu ni najisi nzito: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Paka ni kinyume chake, mnyama anayetuzunguka majumbani, kikombe alichokunywa si najisi. Hukumu hizo sizigusi, si kazi yangu. Lakini kutoka hapo hadi kwenye msimamo kwamba mbwa hatuhusu ni safari ndefu ambayo fiqhi yenyewe haikuifunga. Madhehebu haya haya yanaruhusu mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba, na mbwa wa Hindi ni wa shamba. Hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kila mtoto wa madrasa anaijua. Najisi ni suala la tohara ya anayegusa, na anayegusa ni mchanjaji mwenye glavu ambaye akimaliza ataoga. Wapemba hawakuacha swala ili wachanje mbwa. Kinachotuzuia si dini. Ni kwamba hakuna anayepata sifa mjini kwa kuwahudumia mbwa, ilhali picha ya paka aliyetibiwa hupendwa na mamia kabla ya adhuhuri.

Limebaki suala la baridi, ambalo maofisa hulitaja kama ukuta wa mwisho: chanjo inataka jokofu, jokofu linataka umeme, na Ishakani si Nairobi. Hapa tena utafiti umetutangulia. Majaribio yaliyofanywa Tanzania na kutolewa 2016 yalionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa inayotumika sana ilibaki na nguvu zake baada ya kuwekwa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Baadaye watafiti wa huko, Ahmed Lugelo akiwa mmojawapo, walipima vyungu vya udongo vinavyopoza kwa maji kama mtungi wa bibi, ili chanjo ikae kijijini mwaka mzima mikononi mwa mchanjaji wa hapo hapo. Nina shaka moja kuhusu vyungu hivyo kwetu: mtungi hupoza kwa maji kukauka, na hewa ya Lamu imejaa unyevu kiasi kwamba hata kanga haikauki vizuri wakati wa masika. Kilichofaa nyanda kavu huenda kikapoza kidogo tu Faza. Lakini hatuhitaji miezi 6. Tunahitaji wiki tatu au nne za kufika vijijini na kurudi, na kivuli. Machi mchana joto hupita nyuzi 30. Basi usichanje Machi.

Na hapo ndipo siasa inapoingia, kwa sababu kupanga mwezi ni kazi ya mwenye bajeti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, na ikataja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Hatuwezi tena kuelekeza kidole Nairobi. Leseni hiyo, ambayo wengi huiona kama kero ya mkoloni, ndiyo daftari la mbwa tunalolikosa: huwezi kuchanja asilimia 70 ya idadi usiyoijua. Mtoto yule ambaye akimwita mbwa anakuja ndiye karani wa kwanza. Mpe kadi ya mbwa wake, yenye jina la mbwa na tarehe, uone kama mwakani hatamleta kwa kamba ya mnazi kabla ya gari kusimama.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Siku ya dunia ya kichaa cha mbwa ni Septemba 28, na kwa sisi watu wa bahari tarehe hiyo imekaa vizuri kuliko walioichagua walivyojua: kusi inakatika, matlai inaingia, boti ya Kiunga inapita mlangoni bila kurudishwa na mawimbi, na njia za bara bado hazijalowa kwa vuli. Zabuni ya chanjo ikitoka Julai, dawa itakuwa Mokowe kabla ya matlai. Ikitoka Januari, kama ilivyo desturi ya zabuni, itafika na joto la Machi, na masika yatawakuta wachanjaji Basuba, gari limezama hadi ekseli na boksi la barafu limekuwa boksi la maji.